Mlango mmoja wa pesa: swali ambalo wagombea hawaulizwi kuhusu malipo ya mtandaoni

Uzi mrefu, mvumilie. Jumamosi nilialikwa kuongea na wafanyabiashara wadogo na vijana wa kazi za mtandaoni hapa Nakuru. Waliokosa nafasi wameomba maandishi, kwa hivyo nayaweka hapa karibu yalivyotoka mdomoni. Sheria ya ukurasa huu ni ile ile: hakuna mwanasiasa atakayetajwa, hakuna chama. Tunapima hoja peke yake.

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi soko haliachwi hivi hivi.

Kuelekea 2027 mtasikia hoja mbili mpaka masikio yachoke. Mmoja atapanda jukwaani aseme kila shilingi ya umma ilipwe kwa simu, kwa nambari moja, wizi uishe. Mwingine atapanda kesho yake aseme hizo nambari ni za kutuibia, zifungwe zote. Makofi kwa huyu, makofi kwa yule. Mimi nimekuja kuwaharibia hayo makofi kidogo. Wote wawili wanaruka swali ambalo mtu wa Wakulima Market analijua kuwashinda: siku huo mlango ukifungwa, ufunguo ako nao nani, na mimi nitapitia wapi?

Tuanze na jinsi pesa inavyotembea, maana mjadala mwingi hupotelea hapo. Mtu ako Nairobi, anataka chumba Naivasha wikendi. Anaingia kwa tovuti ya mwenye nyumba ya wageni, analipa kwa M-Pesa au kwa kadi. Anapata ujumbe kwamba amelipa. Wengi wetu tunadhani hapo pesa imefika. Bado. Katikati kuna kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya yule mwenye nyumba. Tuiite kampuni ya kati. Inapokea pesa kwa akaunti yake, inakata ada yake, halafu kesho au keshokutwa inamtumia mwenye nyumba kinachobaki. Kwa hivyo pesa imepita kwa mtandao wa simu, kwa kampuni ya kati, kwa benki ya hiyo kampuni, ndio ije kwa benki ya mwenye nyumba. Juu yao wote kuna Benki Kuu, na juu yake kuna mahakama. Yeyote kati ya hao anaweza kusema "simama kwanza". Na wengi wao mwenye nyumba hajawahi kutia sahihi yoyote nao. Hajui hata majina yao.

Huu si uvumi wa mtandaoni. Mwaka 2015 kulikuwa na kampuni inaitwa BitPesa, iliyokuwa inabadilisha sarafu ya bitcoin kuwa shilingi na kuzituma kwa M-Pesa. Haikuwa imeunganishwa na Safaricom moja kwa moja. Ilipitia kampuni ya kati, Lipisha. Mwezi wa Novemba mwaka huo Safaricom ikafunga njia ya Lipisha, ikisema BitPesa inafanya biashara ya kutuma pesa bila idhini ya Benki Kuu. Wakaenda Mahakama Kuu wakiomba njia ifunguliwe huku kesi ikiendelea. Desemba mahakama ikakataa kutoa amri hiyo.

Sasa hapa msinielewe vibaya. Sisemi Safaricom walikosea, wala sisemi BitPesa walionewa. Angalieni yule wa katikati. Lipisha ilikuwa inahudumia wafanyabiashara wengine, watu ambao bitcoin hawaijui hata rangi. Ugomvi ni wa wakubwa wawili, lakini mlango uliofungwa ulikuwa ni wa kupitia kila mtu.

Ya pili ni ya juzi juzi tu. Julai 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru akaunti za Flutterwave zifungiwe, mabilioni ya shilingi, baada ya ombi la Mamlaka ya Kurejesha Mali iliyodai kuna utakatishaji wa pesa. Mwezi huo huo Benki Kuu ikasema kampuni hiyo haina leseni ya kufanya kazi ya malipo Kenya, na ikaziambia benki ziache kushirikiana nayo. Kampuni ilikanusha madai yale. Mwaka 2023 mamlaka ile ile iliyopeleka kesi ikaziondoa mahakamani. Kwa hivyo kampuni ilipata afueni. Lakini kutoka Julai 2022 mpaka hapo ni miezi mingapi? Mfanyabiashara mdogo hana miezi. Wengine wenu hapa hamna hata wiki.

Kwa kazi yangu mimi huandika hesabu za biashara ndogo, na moja ni nyumba ya wageni kule Naivasha. Msimu mmoja wa sikukuu, kampuni yake ya kati, ambayo sitaitaja, ilishikilia malipo yake siku kumi na moja "kwa uchunguzi wa kawaida". Vyumba vilijaa. Simu yake ilikuwa imejaa ujumbe wa pesa zilizolipwa, na hakuwa na pesa ya kununua mayai ya kiamsha kinywa. Akipiga simu, haishikwi. Akiandika barua pepe, anajibiwa na mashine. Alikopa kwa Fuliza na kwa shemeji yake. Pesa ilikuja yote, hakuna hata shilingi iliyopotea. Lakini nani atamlipa gharama ya kukopa? Na yule mfanyakazi wa vyumba aliyeondoka kwa sababu mshahara umechelewa?

Hapo ndipo nataka tutenganishe mambo mawili ambayo kwa majukwaa huchanganywa kila siku. Kuna hatari ya pesa kupotea, halafu kuna hatari ya pesa kukwama. Si kitu kimoja.

Kupotea, sheria imejaribu. Chini ya Sheria ya Mfumo wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014, pesa ya wateja kwenye simu lazima iwekwe kando kwa akaunti za amana katika benki, isichanganywe na pesa ya kampuni. Kwa hivyo yule anayewaambia kwamba pesa ya M-Pesa "haiko mahali popote, ni nambari tu" anawatisha bure. Na benki nazo si mbinguni. Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank, na huko kulikuwa na vyama na biashara ndogo nyingi sana. Tangu 2020 bima ya amana inalipa mpaka Sh500,000 kwa mwenye akaunti benki ikianguka. Ukiwa na zaidi ya hiyo kwa benki moja, pole, unangoja kama wengine. Pesa taslimu nayo? Muulize mtu yeyote wa jumla anayebeba mauzo ya siku nzima usiku kurudi Free Area au Pipeline. Kwa hivyo mimi si mpinzani wa malipo ya simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 imetuokoa na mengi, na anayetaka turudi kwa bahasha za kutuma na dereva wa matatu ajaribu yeye kwanza.

Kukwama, hiyo sheria haijaishughulikia vizuri, na ndiyo inayotuuma sisi wa Bonde la Ufa. Kwa nini sisi? Angalieni tunachouza. Lori la viazi kutoka Molo linafika saa kumi usiku. Dereva anataka pesa yake ageuze. Vibarua wa kushusha wanataka yao hapo hapo. Mnunuzi wa jumla amelipwa na hoteli jana jioni, lakini pesa iko kwa mlango uliofungwa. Kufika saa nne asubuhi bei imeshuka. Maziwa ni mabaya zaidi, maziwa hayajui maneno ya "tunashughulikia tatizo lako". Maua ya Naivasha vile vile. Mtu wa Nairobi anayeuza programu za kompyuta pesa ikikwama siku tatu anakasirika. Mtu wa viazi ikikwama siku tatu amefunga biashara.

Na msidhani lazima kuwe na kesi au uchunguzi. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulianguka karibu nchi nzima kwa saa kadhaa, na M-Pesa ikaenda nao. Agosti 25, 2023 stima ikapotea karibu Kenya yote, kuna mahali ilirudi kesho yake. Mashine inaharibika, hiyo ni kawaida ya mashine. Ila ukiwa na nchi ambapo karibu tisa kati ya kila akaunti kumi za pesa kwa simu ziko kwa kampuni moja, hitilafu yake ni hitilafu ya soko lote. Kuna mtu ataniambia, lakini tangu Aprili 2022 mtu wa Airtel Money au T-Kash anaweza kulipa kwa Till ya M-Pesa. Kweli, na ni hatua nzuri. Lakini fikiria vizuri: hizo ni barabara tatu zinazoingia kwa geti moja. Geti likifungwa, barabara zinasaidia nini?

Sasa tuje kwa serikali. Hapa ndipo nataka msikize sana, kwa sababu hapa hatari inabadilika sura.

Wewe mwenye duka ukichagua kampuni moja ya malipo, umechagua mwenyewe. Imekuchosha, unahama. Lakini serikali ikisema kila mtu alipie hapa tu, hiyo hatari uliyokuwa unaweza kuiepuka sasa umepewa kwa lazima. Juni 30, 2023 eCitizen ilizinduliwa upya ikiwa na huduma karibu 5,000, na malipo yakaendelea kusukumwa kwa nambari moja, 222222. Sababu ilikuwa nzuri, niwe mkweli. Kila idara ilikuwa na nambari yake na akaunti yake, na hesabu zilikuwa zinapotelea njiani. Mtu akilipa kwa simu anabaki na ujumbe. Akimpa karani noti dirishani, anabaki na matumaini.

Haikutimia hata mwezi. Julai 27, 2023 kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilishambulia eCitizen. Hawakuvunja kufuli. Walifanya ni kama kujaza watu elfu kumi mlangoni mwa duka mpaka mteja halisi hawezi kuingia. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini huduma zilisumbua kwa siku kadhaa: tiketi za treni, viza, tokeni za stima. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kwamba wamewashtaki ndugu wawili Wasudani kwa mashambulizi ya kikundi hicho. Ndugu wawili! Mimi hapo ndipo nilishtuka. Sikushtuka ati tulishambuliwa, maana kila nchi hushambuliwa. Nilishtuka kwamba baada ya hapo mjadala wa kisiasa haukugeuka hata digrii moja. Wa nambari moja wakaendelea na nambari moja, wapinzani wakaendelea na "wanatuibia". Sikusikia mtu akiuliza: mlango wa pili uko wapi?

Leo ukitaka kuingia Mbuga ya Ziwa Nakuru, unalipa kupitia mfumo huo huo wa eCitizen. Fikiria mwongoza watalii wetu na gari limejaa wageni getini Lanet, mfumo uko chini. Mgeni halaumu seva. Anamwangalia dereva.

Halafu kukaja karo. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza wazazi wa shule za kitaifa walipe karo kupitia eCitizen. Daktari mmoja wa hapa hapa Nakuru alipeleka jambo hilo mahakamani pamoja na wenzake. Aprili 1, 2025 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo lilikuwa kinyume cha Katiba: wananchi hawakushirikishwa, na ile ada ya Sh50 kwa kila malipo haikuwa na msingi wa kisheria. Wengi walishangilia Sh50. Mimi niliangalia kitu kingine. Mzazi wa Njoro mwenye mkataba na shule alikuwa anapewa mtu wa katikati ambaye hakumwomba, anamlipa, na pesa ikichelewa kufika kwa bwalo la shule hana wa kumshika. Mwalimu mkuu atasema ulizeni Nairobi. Nairobi watasema ulizeni mfumo. Na huo mfumo wenyewe, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameshahoji kwa ripoti zake ni nani hasa anaudhibiti, serikali au kampuni zilizoutengeneza.

Kuna upande mwingine wa huu mlango ambao hatupendi kuutaja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima, na watu wakakosa pia kutuma na kutoa pesa kwa simu. Madereva wa malori wanaopitia Salgaa kwenda Kampala wanaikumbuka hiyo wiki. Hapa kwetu Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilisumbua, ingawa mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imesema jana yake kwamba haina nia ya kuizima. Kampuni za simu zilisema ni hitilafu ya nyaya za baharini. Sitabishana na nyaya leo. Ninachosema ni kwamba kadiri pesa zote zinavyopita mahali pamoja, ndivyo anayeshika hapo mahali anavyoweza kukunyamazisha bila hata kukugusa. Hii haijalishi ni nani ako mamlakani. Anayekupendeza leo atampokeza ufunguo asiyekupendeza.

Kwa hivyo wakija kuomba kura, wa kaunti na wa kitaifa, msiwaulize kama wanapenda teknolojia. Wote wataipenda. Mwulize: ushuru wa soko ukilipwa kwa simu tu, na mfumo ukiwa chini saa kumi na mbili asubuhi, askari wa kaunti ataruhusiwa kunifungia kibanda? Hili ningetaka liandikwe kwa sheria ya kaunti: mfumo wa serikali ukikataa, mwananchi hatozwi faini na hanyimwi huduma, anaandikiwa kwa daftari anaenda. Mwulize pia mkataba wa huo mfumo uko wapi, nani mwenye data, na siku mkataba ukiisha tunabaki na nini. Na kwa wale wa bunge la kitaifa: kampuni ya kati inaweza kushikilia pesa ya mfanyabiashara siku ngapi bila kumwandikia sababu? Kwa masharti ya PayPal, kwa mfano, salio linaweza kushikiliwa mpaka siku 180. Vijana wa kazi za mtandaoni mnaijua hiyo nambari kama mnavyojua siku ya kuzaliwa kwenu. Tuna sheria ya 2011 inayolinda pesa isipotee. Haijaweka wazi ikwame mpaka lini.

Akikujibu kwa kusema "tutaangalia", andika tarehe.

Baada ya hapo tulikuwa na maswali. Mama mmoja wa mitumba aliniuliza: "Sasa mwanangu, unaniambia nirudi kwa noti?" Nilimwambia hapana, mama. Ada ndiyo hiyo, na tangu Julai 2023 kuna ushuru wa asilimia 15 juu ya ada yenyewe, lakini mteja wako hana noti mfukoni, ukikataa simu umemkataa yeye. Uwe na Till ya kampuni mbili tofauti, hata kama ya pili inakaa wiki nzima bila kitu, na uhakikishe inafanya kazi kabla ya siku ya shida. Usilaze mauzo yote kwa Till, hamisha kila jioni. Weka taslimu ya kununua mzigo wa siku moja, siku moja tu, si zaidi, na usimwambie mtu imewekwa wapi. Na kama unauza mtandaoni, nakili kila Ijumaa majina na nambari za wateja wako kwa daftari la mkono, kwa sababu kampuni ya kati ikikufungia, mara nyingi inafungia pesa pamoja na orodha.

Akaniuliza tena, hiyo Till ya pili, aandikishe kwa jina lake au la mzee wake? Ukumbi ukacheka. Nikamwambia kwa jina lako, mama.